Tulipopeleka ubao Kirinyaga kuitafuta theluji

Mgeni akikuambia kwamba Kenya ni nchi ya jua kali tangu Januari hadi Desemba, usibishane naye. Mlete Dagoretti mwezi wa Julai. Mlete alfajiri, asimame pale Dagoretti Corner, panapokutana barabara ya Ngong na ile ya Naivasha, awaone watu wakingoja matatu. Atawakuta wamejikunja kama majongoo, mikono mifukoni, mvuke ukiwatoka vinywani kana kwamba kila mmoja amemeza jiko. Wauzaji wa uji hawana haja ya kunadi siku hizo. Watu huja wenyewe, na wengine huinunua bakuli ili wapate kuishika tu.

Ni ajabu kwamba hapo hapo Dagoretti Corner ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya. Kwa hiyo sisi wa sehemu hizi tunaishi mlangoni mwa wapimaji wa baridi wenyewe. Wazee wa Kikuyu waliupa msimu huu jina lake, gathano, na watu wa pwani wana kipupwe chao. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na jua la Julai hujificha nyuma ya mawingu kama mtu anayedaiwa kodi.

Hata hivyo, baridi yetu hiyo haijapata kuzaa theluji. Neno lenyewe tumelipata mbali. Theluji limetoka kwa Waarabu na barafu kwa Waajemi. Yote mawili yaliletwa na majahazi hadi pwani yenye minazi, ambako hapana kitu cha namna hiyo. Na wakati wote huo huku bara, katikati ya nchi, mlima ulikuwa umeketi umejifunika vitu hivyo kichwani. Mwaka 2008, karibu na Nyahururu, barafu nyeupe ilifunika shamba zima, na watu wakatoka mbio kucheza wakisema theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa wakawaeleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikana. Wengi hawakufurahia maelezo hayo. Mkenya anaitamani theluji yake.

Mimi pia niliitamani, lakini aliyeitamani zaidi ni dada yangu mdogo. Ndiyo sababu mwezi wa Julai mwaka 2019 tulifunga safari, yeye na mimi, kutoka Dagoretti hadi Mlima Kenya, tukiwa na ubao wa kutelezea.

UBAO KUTOKA KANADA

Dada yangu ni muuguzi. Wakati huo alikuwa amefanya kazi miaka 12 katika mji wa Calgary, nchini Kanada, mahali ambapo theluji haiombwi. Mwaka wa kwanza, kila alipopiga simu nyumbani alikuwa akilia kwa sababu ya baridi. Mwaka wa tatu wenzake wa kazini wakamchukua hadi milimani, wakamfundisha mchezo wa kusimama juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa, na kushuka mteremko ubavu ubavu kama kaa wa pwani. Baada ya hapo kilio kikaisha. Akawa akipiga simu kueleza jinsi alivyoanguka, huku akicheka.

Mchezo huo si wa kale. Siku ya Krismasi mwaka 1965, Mmarekani aitwaye Sherman Poppen, wa Muskegon katika jimbo la Michigan, alichukua mbao mbili za kutelezea za kawaida akaziunganisha ziwe kitu kimoja, ili binti zake wapate kushuka kilima wakiwa wamesimama. Kilichoanza kama mchezo wa baba na watoto nyuma ya nyumba kiliingia katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998, mjini Nagano, Japani.

Jina la Nagano Wakenya hatulisahau kwa sababu nyingine. Huko ndiko Philip Boit, mkimbiaji wetu aliyekuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla, alishindana mbio za kilomita 10 kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho. Lakini bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja mstarini hadi alipofika, akamkumbatia. Boit alimpa mtoto wake jina la bingwa huyo. Na mwaka 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha nchi yetu kule Pyeongchang, Korea ya Kusini. Kwa hiyo Mkenya na theluji si watu wasiojuana. Tatizo ni kwamba wote hawa walikutana nayo kwa watu.

Hilo ndilo lililomkera dada yangu. Siku aliyotua nyumbani kwetu Waithaka, alipomaliza kusalimiana na mama na kunywa chai, alinigeukia akasema, "Kaka, nimeteleza kwenye theluji ya wenyewe miaka tisa. Ya kwetu sijaigusa hata kwa kidole."

Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Marehemu baba alikuwa na desturi ya kutuamsha asubuhi zile chache ambazo anga ni safi, mara nyingi Januari, akatupeleka mahali palipoinuka. Huko kaskazini, mbali sana, tuliona jino jeusi lenye kiraka cheupe. Baba alikuwa akisema, "Weupe ule ni barafu, nayo ni yenu." Kisha tukarudi nyumbani kukamua ng'ombe. Baba hakupata kwenda huko. Gharama haikumruhusu.

SAFARI YAANZA NA MIKASA

Mkasa wa kwanza ulitupata hata kabla ya kuondoka. Ubao ulifika uwanja wa ndege salama salimini, lakini begi lenye viatu vyake maalum lilikwenda kutalii nchi nyingine. Tulingoja siku tatu. Siku ya nne dada alichoka kungoja, tukaenda Kawangware tukanunua buti za mpira, zile za kukamulia ng'ombe, na fundi wa viatu akatukatia vipande vya mpira wa tairi vya kuzifunga ubaoni. Fundi alifanya kazi yake kwa bidii, kisha akauliza kwa upole kama tumepata ruhusa ya wazazi.

Mkasa wa pili ulikuwa gari. Mjomba wetu alitupa pikapu yake bila malipo, naye ana moyo mwema, Mungu ambariki. Lakini pikapu hiyo kazi yake ni kubeba ngozi mbichi kutoka machinjio ya Dagoretti. Tuliisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Haikusaidia. Kila tuliposimama njiani, mbwa walitujia wakitikisa mikia kana kwamba sisi ni jamaa zao waliopotea.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, chupa ya chai katikati yetu, ubao nyuma chini ya turubai. Hadi Thika mambo yalikuwa shwari. Mbele ya Kenol, barabara ikiwa bado ile nyembamba ya magari kupishana, gurudumu la mbele likatoa pumzi yake ya mwisho. Tulishusha spea tukaikuta ina upara kumshinda mjomba mwenyewe. Tukaifunga hivyo hivyo, tukaendelea polepole, malori yakitupita na kutupigia honi za dharau.

Mbele kidogo tukakuta kizuizi cha polisi. Afande alifunua turubai, akaushika ubao, akaugeuza.

"Bwana dereva, hiki ni nini? Ubao wa kupigia pasi?"

"La, afande," dada akajibu. "Ni wa kutelezea kwenye theluji."

"Theluji ya wapi?"

Dada akanyosha kidole kaskazini. Huko kulikuwa na mawingu matupu. Afande akayatazama mawingu, akautazama ubao, akainusa pikapu, kisha akatuambia twende zetu upesi.

Tulipokuwa tukipanda kuelekea Karatina, mkanda wa feni ukakatika. Rejeta ilichemka kama chungu cha maharagwe. Tulisukuma gari, tukasaidiwa na vijana wawili waliokuwa wakipeleka kabichi sokoni kwa mkokoteni, hadi kwa makanika mmoja aliyekuwa amelala chini ya lori. Kwa bahati alikuwa na mkanda uliotutosha. Alipokuwa akiufunga, mama mmoja muuza viazi vitamu alitukaribisha kwenye banda lake tukajikinga na manyunyu. Pale alikuwapo mzee mmoja mwenye koti kuukuu la jeshi. Alipoelezwa safari yetu hakucheka, tofauti na wengine wote.

"Nilipokuwa kijana," alisema, "mlima ulikuwa na kilemba. Sasa una vitambaa. Nendeni, wanangu, lakini nendeni haraka."

WALIOBISHIWA NA WALIOTOROKA

Nikiwa nimekaa pale bandani niliwakumbuka watu wa zamani waliopata taabu kwa ajili ya theluji hiyo hiyo. Tarehe 3 Desemba mwaka 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu kutoka Ukambani, upande wa Kitui. Mwaka mmoja nyuma, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro. Walipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi kadhaa waliwabisha, na William Desborough Cooley wa London akiwa mstari wa mbele. Cooley alikuwa mtaalamu wa ramani za Afrika, lakini huku kwetu hakuwa amefika. Wakamba na Wakikuyu, walioutazama mlima kila kulipokucha, hawakuulizwa.

Jina alilolisikia Krapf kwa Wakamba ndilo lililozaa jina la nchi yetu. Wapo wanaoeleza kwamba maana yake inahusu mbuni, yule ndege mwenye manyoya meusi na meupe, kwa jinsi mwamba na barafu zilivyochanganyika. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, mahali pa Ngai, na mzee akiomba huelekeza uso huko. Weupe ule basi si pambo tu. Umo katika sala zetu, na kwa njia ya jina umo hata katika pasipoti zetu.

Na kama tulidhani safari yetu ina vituko, tulikuwa tumetanguliwa. Mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita iliyokuwa karibu na Nanyuki. Hawakutoroka ili wapate uhuru. Walitaka kupanda mlima tu. Walijitengenezea vifaa kwa siri kambini, na picha moja waliyoitegemea kujua umbo la mlima ilikuwa ile iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe na kujisalimisha. Nilimsimulia dada kisa hicho. Akatazama zile buti zake za mpira, akasema sasa hana la kulalamikia.

MLIMA HAUTAKI HARAKA

Tulifika Naro Moru jioni, mvua ikinyesha. Kesho yake, katika kipande cha udongo kabla ya lango la mbuga, pikapu ilizama hadi mhimili. Tuliivuta kwa trekta ya mkulima mmoja ambaye hakutaka pesa ila alitaka sana kujua harufu ile ni ya nini. Tukaiacha nyumbani kwake, tukaendelea kwa miguu pamoja na kiongozi wetu na mpagazi mmoja. Mpagazi aliubeba ubao mgongoni, nao ukampa umbo la mtu aliyebeba mlango.

Lango liko mita 2,400 juu ya bahari. Njia inapita msituni, katika mianzi, penye samadi mbichi ya ndovu na nyati, hadi kambi ya mita 3,050 iitwayo Met Station, yaani kituo cha hali ya hewa. Nilipolisikia jina hilo nilicheka peke yangu. Tumetembea kutwa nzima kutoka kwa wapimaji wa baridi wa Dagoretti, tukajikuta kwa binamu zao.

Juu ya hapo miti inaisha, unaingia kinamasi cha ajabu kinachopanda kilima. Sisi tumezoea kinamasi kilicholala bondeni. Hiki kimesimama, na kila hatua mguu unazama hadi goti. Mara mbili dada aliivuta buti na mguu ukatoka mtupu. Baada ya kinamasi unateremkia Bonde la Teleki, lenye milobelia mirefu kama watu na mimea mingine minene iliyovaa majani makavu kama makoti. Kiongozi alitueleza sababu ya makoti hayo. Huku juu hakuna majira kama ya Ulaya; mchana ni kiangazi na usiku ni majira ya baridi kali, kila siku ya mwaka. Mmea usiojifunika hufa usiku mmoja.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikuwa nimelifikiria nikiwa Dagoretti. Baridi ya Julai inayotutetemesha kule chini haina uhusiano mkubwa na theluji ya mlimani. Theluji yetu huanguka zaidi wakati wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Oktoba hadi Desemba. Inategemea mawingu yenye maji, wala haijali kalenda ya makoti yetu.

Katika kambi ya Mackinder, mita 4,200, kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa kwa tarimbo, na chakula kikanikataa. Dada alinipima mapigo ya moyo, akazungumza na kiongozi, wakakubaliana tukae siku nzima bila kupanda. Mimi ndimi niliyezaliwa kwanza, lakini siku hiyo niliamrishwa kunywa maji kama mtoto, na nikanywa. Ugonjwa wa mwinuko hauna heshima kwa mkubwa. Unaua wanaoukaidi, na dawa yake ya hakika ni kushuka. Tulipokuwa tukingoja, pimbi waliingia hemani wakala chapati zetu zote.

MBELE YA BARAFU

Usiku wa pili, saa tisa, tulianza kupanda kwa mwanga wa tochi. Kichwa changu kilikuwa kimetulia. Changarawe iliteleza chini ya miguu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Kulipopambazuka tulikuwa kwenye kibanda kiitwacho Austrian Hut, mita 4,790. Usiku manyunyu yalikuwa yamegeuka theluji, na mawe yote yalikuwa yamenyunyiziwa weupe kama meza ya muoka mandazi. Chini yetu kidogo ndipo ilipolala barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote za mlima huu.

Msomaji, sikujua la kusema. Nilitazamia uwanja mweupe. Nilichokiona ni kitu cha rangi ya kijivu, chafu, chenye nyufa na mawe, kimeshikilia ubavu wa mwamba kama ngozi kuukuu iliyosahauliwa uani. Kiongozi alituonyesha kwa fimbo ukuta wa mawe meupe-meupe, juu sana ya barafu yenyewe. "Baba yangu alikuwa mpagazi," alisema. "Wakati wake barafu ilifika pale." Kisha akaonyesha upande wa pili, mbali, kwenye kokoto tupu. "Na pale."

Dada alitaka kushuka juu ya barafu hiyo kwa ubao wake. Kiongozi alikataa katakata. Barafu tupu ni ngumu kama chupa, akasema, na chini yake kuna mawe na maji. Mtu akianza kuteleza hasimami. Badala yake akatuchagulia kimteremko kilichokusanya theluji mpya ya usiku, urefu wake kama uwanja wa voliboli. Dada alizifunga buti zake kwa ule mpira wa tairi, akasimama, akainama kidogo kama walivyomfundisha, akajiachilia.

Aliteleza. Nashuhudia kwa macho yangu kwamba binti wa Waithaka aliteleza juu ya theluji ya Kenya, mikono ameitandaza, kwa muda wa kama pumzi tatu. Kisha ubao ukakuta jiwe chini ya theluji ile nyembamba, ukalia kaa! ukapasuka, naye akaruka akaangukia makalio. Mpagazi alipiga makofi. Sote tulicheka hadi pumzi zikatuisha, maana pumzi zenyewe kule ni haba.

Alipoinuka hakuja kwetu. Alitembea hadi kwenye ukingo wa barafu ya Lewis, akavua glavu, akaiweka mkono, akaukalisha pale muda mrefu. Nilimfuata. Chini ya barafu tulisikia maji yakidondoka, tone moja moja, na jua lilikuwa bado halijapanda.

"Nimewauguza wengi, kaka," aliniambia bila kugeuka. "Huyu najua hali yake."

Sikumjibu. Tulipanda wote hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao aliipeleka bendera yetu katika siku za Uhuru, Desemba 1963. Mbele yetu vilisimama Batian, mita 5,199, na Nelion. Kusini, kulikokuwa na nyumba yetu, mawingu yalitanda kama bahari.

HESABU YA WATAALAMU

Niliporudi nilitafuta maandishi ya wataalamu, nikakuta wanasema lile lile la mzee wa Karatina, ila kwa tarakimu. Mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian pamoja na Waalpi wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, mlima huu ulikuwa na barafu za kudumu 18. Nyingi zimetoweka, na zilizobaki ni vipande. Barafu ya Lewis imepimwa kwa muda mrefu kuliko nyingi za nchi za joto. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, ilikwisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika taarifa yake kuhusu Afrika mwaka 2020, lilitabiri kwamba barafu ya Mlima Kenya itakwisha katika miaka ya 2030.

Sababu zake ni zaidi ya moja. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilipungukiwa na unyevu, mawingu na theluji vikapungua, na jua likapata nafasi ya kuichoma barafu isiyopata blanketi jipya. Juu ya hayo likaja joto la dunia linaloongezwa na moshi wa viwanda na magari, mengi yake yakiwa ya nchi zile zile zenye theluji ya kutosha kucheza.

Wengine hutishia kwamba barafu hiyo ikiisha mito yote itakauka. Tusitie chumvi. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na mito inayoteremka kutoka mlimani hutegemea zaidi mvua na msitu unaouzunguka. Anayekata msitu huo anakausha mito kuliko jua la kileleni. Tunachokipoteza juu kabisa ni kitu cha namna nyingine. Ni ushahidi ambao Krapf alibishiwa kwa ajili yake, ni weupe uliolipa taifa jina, na ni urithi ambao maskini kama baba yetu aliweza kuwapa watoto wake bila senti moja, kwa kunyosha kidole tu.

Dada alirudi Kanada mwezi wa Agosti. Lile begi la viatu lilifika nyumbani siku mbili baada ya yeye kuondoka. Pikapu ilimrudia mjomba ikiwa na gurudumu jipya, mkanda mpya na harufu ile ile. Mimi na dada tulikuwa tumekaa miaka 12 tukisalimiana kwa simu, habari nzuri, nzuri, na fedha kidogo mwisho wa mwezi. Tangu safari ile tuna la kuzungumza. Kila akipiga, swali lake la kwanza ni kama mlima umeonekana.

Kwa hiyo nawashauri wazazi wenzangu. Mwenye nafasi na aende, Januari na Februari au Agosti na Septemba, njia zikiwa kavu. Achukue kiongozi anayeujua mlima, na akiumwa kichwa asione haya kushuka. Asiyeweza kwenda, na aamke alfajiri anga ikiwa safi, awapandishe watoto mahali pa juu, awaonyeshe kaskazini. Lakini asiseme tena kama baba yetu kwamba barafu ile ni yenu, akanyamaza. Awaambie pia kwamba inaondoka, na waitazame vizuri, kwa maana mtoto anayezaliwa Dagoretti mwaka huu huenda akausikia weupe ule katika masimulizi ya wakubwa wake tu.